Fundi wa Kwato: Ajue Ukwato Kabla ya Chuma

Kila mwaka vijana wanaomaliza shule bila nafasi ya chuo huulizana: tusomee kazi gani? Majibu huwa ni yale yale. Useremala, ushonaji, uashi, umekanika, ususi. Zote ni kazi nzuri. Lakini katika somo la leo tutaangalia ufundi ambao wachache huufikiria, nao ni ufundi wa kwato: kuzisafisha, kuzikata, kuzisawazisha na, inapohitajika, kuzivisha viatu vya chuma.

Pengine utauliza, "Farasi wako wapi kwetu?" Ni kweli, hapa Kenya farasi ni wachache. Wako Ngong kwenye uwanja wa mashindano, wako kwa polisi, na wako kwenye mashamba na vilabu vichache. Lakini punda tunao. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2019 ilipata punda kama milioni 1.2. Kila mmoja ana kwato nne. Je, nani anazitunza?

Hebu kwanza tuone ufundi huu unafundishwaje kule ulikokomaa, kisha tuchague yale yanayotufaa sisi.

SHULE ZA UFUNDI HUU ZIKOJE?

Uingereza ina chama cha mafundi wa kwato kilichoanza London mwaka 1356. Huko, kwa sheria ya mwaka 1975, mtu ambaye hajaandikishwa haruhusiwi kumvisha farasi kiatu, hata kama farasi ni wake mwenyewe. Mwanafunzi hujifunza kwa miaka minne hivi. Sehemu kubwa ya muda huo hukaa na fundi aliyeidhinishwa, akimfuata kazini kutoka zizi hadi zizi. Mara kwa mara huenda chuoni kwa majuma machache, kama vile chuo cha Hereford, halafu hurudi kwa fundi wake. Mwishoni hufanya mtihani wa maandishi na wa vitendo.

Marekani mambo ni tofauti. Hakuna sheria ya taifa inayomtaka fundi wa kwato awe na leseni. Kuna shule nyingi za binafsi zenye kozi za wiki 6, wiki 8, wiki 12 au zaidi. Chama cha mafundi kilichoanzishwa mwaka 1971 hutoa mitihani, lakini kuifanya ni hiari. Mtu akimaliza kozi fupi namna hiyo, wazee wa kazi humshauri asianze peke yake, bali amfuate fundi mzoefu mwaka mmoja au zaidi.

Kwa hiyo njia ni mbili, lakini zote zinakubaliana juu ya jambo moja: darasa peke yake halitoshi. Mkono hujifunza ukiwa karibu na mkono mwingine unaojua.

SOMO LA KWANZA SI NYUNDO

Mgeni akiingia shule ya namna hii hudhani ataanza na moto na fuawe. Kumbe anaanza na ukwato wenyewe. Katika shule nyingi mwanafunzi hupewa mguu wa mnyama aliyekufa aupasue, aone kilichomo ndani kabla hajapewa mnyama aliye hai. Mambo anayoyakuta ni haya:

1. Ukuta. Ni sehemu ngumu ya nje, ile unayoiona mnyama akiwa amesimama. Ni kama ukucha wako, hauna hisia. Kwa farasi hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Ukuta wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kushuka kutoka juu hadi chini.

2. Wayo. Ni sehemu ya chini iliyobonyea kidogo ndani, ambayo ni nyembamba kuliko unavyodhani.

3. Kabari. Tuiite hivyo kwa sababu ya umbo lake. Ni ile sehemu laini kama mpira iliyo nyuma ya wayo, na huusaidia mguu kupokea kishindo.

4. Mstari mweupe. Ni mpaka kati ya ukuta na wayo. Ukiusafisha vizuri utauona, rangi yake ni ya manjano hafifu.

5. Ndani ya yote hayo kuna mfupa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hapo pana uhai, na pana maumivu.

Sasa angalia jambo hili. Unene wa ukuta wa mbele wa farasi ni kama sentimita 1 tu. Msumari wa kiatu unapaswa kupita ndani ya unene huo huo, nje ya mstari mweupe, bila kugusa sehemu yenye uhai. Ndiyo maana msumari wa kwato si kama wa mbao. Ncha yake imechongwa upande mmoja ili unapopigwa upinde kwenda nje, utokee kando ya ukuta kama sentimita 2 juu ya kiatu. Hapo fundi huikata ncha na kuikunja. Fundi mzoefu husikiliza hata mlio wa nyundo, kwa kuwa msumari unaopita mahali pagumu hulia tofauti na ule uliopotea njia ukaingia mahali laini.

Msumari ukikosea kwa milimita chache tu, mnyama atachechemea kesho yake. Hata kama haukugusa nyama, ukikaa karibu mno utambana kama kiatu kidogo kinavyombana mtoto. Usaha ukiingia, ni majuma ya hasara. Sasa unaelewa kwa nini wenzetu walitunga sheria.

CHUMA KINAFUATA

Baada ya kuujua ukwato, mwanafunzi huenda kwenye tanuri. Hujifunza kupasha chuma moto, kukikunja juu ya fuawe, kutoboa matundu ya misumari, na kulinganisha umbo na mguu ulio mbele yake. Kiatu ndicho kinachofuata ukwato. Ukiona mtu anaukata ukwato ili uenee kwenye kiatu, jua huyo hajafunzwa.

Watu wengi hushtuka wakiona chuma cha moto kikigusishwa kwenye ukwato. Moshi mwingi hutoka, na harufu kama ya nywele zilizoungua. Chuma kikigusishwa kwa muda mfupi tu, mnyama haumii. Alama nyeusi inayobaki humwonyesha fundi mahali ambapo kiatu hakijakaa sawasawa.

Kisha kazi haijaisha. Ukwato unaendelea kukua chini ya kiatu, kwa hiyo kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi kiatu hutolewa, ukwato hukatwa, na kiatu hurudishwa au hubadilishwa. Mwenye farasi asiyeweza kulipa mara hizo zote, heri asianze.

JE, PUNDA WETU ANAHITAJI VIATU?

Kwa kawaida, hapana. Punda wengi hufanya kazi vizuri bila viatu wakitunzwa kwato. Punda anayevuta mkokoteni kwenye lami kutwa nzima anaweza kulika kwato kupita kiasi, na huyo ni wa kuonwa na mtu anayejua. Lakini shida za wengine wengi si kukosa chuma. Ni kukosa kusafishwa na kukatwa kwa wakati.

Tena punda si farasi mdogo. Ukwato wake ni mwembamba na umesimama wima zaidi. Asili yake ni nchi kavu yenye mawe, na ukwato wake hunyonya maji kwa urahisi. Ukimfunga usiku kucha kwenye matope na samadi, ukwato hulainika na kuoza, hasa kando ya kabari na kwenye mstari mweupe. Wale wanaofuga sehemu za maji, kama mashamba ya mpunga ya Mwea, wawe macho zaidi.

Jambo lingine: punda huficha maumivu. Farasi akiumwa utaona mara moja. Punda atavumilia, atavuta, na wewe utadhani ni mvivu. Kabla hujachukua fimbo, inua mguu.

HATUA ZA KUFUATA NYUMBANI

1. Safisha kila siku, kabla na baada ya kazi. Mfunge punda kwa fundo linalofunguka upesi, na mwenzako amshike kichwa. Anza na mkono begani, uteremke polepole hadi chini, kisha uinue mguu. Usiuinue juu sana. Usimwangushe wala kumfunga miguu yote. Ondoa mawe na samadi kutoka nyuma kwenda mbele.

2. Tazama, nusa na uguse. Harufu mbaya na maji meusi kando ya kabari ni dalili ya kuoza. Ukwato mmoja ukiwa na joto kuliko wenzake, au punda akitanguliza mguu mmoja ili asiukanyagie, kuna shida ndani.

3. Akatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Vifaa ni koleo la kukatia kwato, kisu chenye ncha iliyopindwa, na tupa pana. Panga na msumeno si vifaa vya kwato.

4. Kata ukuta uliozidi, kidogo kidogo, pande zote sawa. Kwenye kabari ondoa vipande vilivyolegea tu. Wayo mgumu uache, ndio ngao yake. Ukibonyeza kwa kidole gumba ukaona wayo unabonyea, au rangi ya waridi ikianza kuonekana, acha hapo hapo.

5. Maliza kwa tupa. Zungusha ukingo ili usipasuke. Mteremshe mguu, simama kando, utazame. Mstari wa mbele wa ukwato ufuatane na mstari wa kifundo kilicho juu yake.

6. Ukwato uliorefuka na kupinda kwa miezi mingi usiukate wote siku moja. Punguza kwa awamu, ukimpa majuma machache ya kuzoea katikati. Ulichobakiza leo utakikata wiki ijayo, lakini ulichozidisha hakirudi.

Yako mambo ambayo si ya fundi, ni ya daktari wa mifugo: usaha, damu, kuchechemea kusikoisha, na msumari au mwiba uliozama. Ukikuta msumari, usimtembeze punda. Ukilazimika kuung'oa, weka alama mahali ulipoingia na umweleze daktari ulizama kiasi gani. Usifanye mchezo na kidonda cha ukwato. Lugha yetu yenyewe imeuita ugonjwa ule pepopunda, na farasi na punda huupata upesi.

KIJANA ANAYETAKA KUIANZA KAZI HII

Ushauri wetu ni huu. Usianze na chuma, anza na kisu na tupa. Kukata kwato hakuhitaji tanuri wala fuawe. Kunahitaji mgongo wenye nguvu, subira, na mwalimu. Muulize afisa wa mifugo wa kata yako kama kuna mafunzo, na umfuate mtu anayejua. Kule Lamu kuna hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na yapo mashirika yanayofundisha wenye punda sehemu kadhaa za nchi. Weka daftari: punda wa nani, tarehe gani, ulikuta nini, lini utarudi. Daftari hilo ndilo litakaloleta wateja, kwa maana mwenye punda husahau siku, na wewe utamkumbusha. Patana bei kabla ya kuinua mguu.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa? Hesabu ya mwaka 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8. Miaka 10 baadaye walikuwa wamepungua kwa laki kadhaa. Katikati ya hesabu hizo mbili, kuanzia mwaka 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi za kuuzwa China, na wizi wa punda ukazidi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na mwezi wa Februari 2024 viongozi wa nchi za Afrika wakakubaliana kuikomesha biashara ya ngozi za punda katika bara zima.

Punda wakipungua, kumpata mwingine ni kazi. Mama anayeuza maji kwa mitungi ya lita 20 akipoteza punda wake kwa ukwato uliooza, hana akiba ya kumrudisha. Atayabeba maji kwa mgongo wake mwenyewe, au mtoto ataacha shule amsaidie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe ni wa ukwato, unaonekana kwa macho.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, nani hukata kwato za punda, na anatumia kifaa gani?

2. Punda wetu hulala wapi usiku? Je, panakauka?

3. Ikiwa wenye punda kumi watachanga pamoja, wanaweza kununua koleo, kisu na tupa? Nani atavitunza, na nani atapelekwa kujifunza?

4. Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwenye punda ainue miguu yote minne, asafishe, na aje atuambie alichokiona.