Pangoni na nyikani: mizani inayowasumbua watengeneza gemu

Gemu za mtandaoni za kuigiza wahusika, zile ambazo maelfu ya watu huishi pamoja katika dunia moja ya kubuni, zina starehe mbili zinazogombana. Ya kwanza ni mapango: kikundi kinaingia, kinapambana na madude yanayoendeshwa na kompyuta, kinamwangusha bosi na kugawana nyara. Ya pili ni vita vya nje, ambako mchezaji anaweza kuvamiwa na mchezaji mwenzake njiani. Haya ni maswali ambayo wachezaji hawaachi kuyauliza kuhusu ugomvi huo.

Kwa nini mhusika anayetamba pangoni huonekana hafai akikutana na mtu nyikani?

Kwa sababu dude hufuata kanuni, na mtu hafuati. Pango la kawaida la World of Warcraft huingiwa na watu watano: tanki anayepokea kipigo, mganga anayemponya, na wapigaji watatu. Mpango mzima umesimama juu ya hesabu iliyofichwa: dude humfuata yule aliyelichokoza zaidi, na kazi ya tanki ni kuhakikisha kwamba huyo ni yeye. Bosi atamkazania tanki dakika nzima nzima huku mganga akiponya kwa nyuma bila kuguswa.

Sasa mlete binadamu. Atampita tanki kama hamwoni na kwenda moja kwa moja kwa mganga, na hakuna uchokozi utakaomgeuza. Ustadi wote wa tanki unabaki hauna kazi. Chukua pia uwezo wa kumpumbaza adui kwa sekunde chache. Bosi wengi hawaguswi nao kabisa, hivyo pangoni hauna thamani kubwa. Mbele ya mtu, sekunde hizo chache ndizo zinazoamua nani afe. Pigo nalo, likipimwa ili lifae kwa bosi mwenye damu nyingi kupindukia, litammaliza mchezaji kabla hajageuza uso. Ukilipunguza ili vita vya nje viwe vya haki, watu wa mapango wanapiga kelele kesho yake asubuhi kwamba umewaharibia mhusika.

Basi si kila uwezo upewe namba mbili, ya pangoni na ya vitani?

Ndivyo inavyofaa, na kampuni nyingi zimefika huko, baadhi kwa kuchelewa. Guild Wars ilitoka 2005, na 2008 ikaanza kuzigawa baadhi ya stadi zake ili zifanye kazi tofauti katika mapigano ya wachezaji. The Elder Scrolls Online ina njia ya mkato: ukiingia Cyrodiil, uwanja wake mkubwa wa vita, kila mtu hupewa athari inayoitwa Battle Spirit, ambayo hupunguza madhara na uponyaji kwa pamoja. Hakuna haja ya kuandika upya kila uwezo.

World of Warcraft ilipita njia ndefu zaidi. Mwaka 2007 ilileta viwanja vya arena na kuipa nguvu sifa moja ya mavazi, Resilience, iliyokukinga dhidi ya mapigo ya wachezaji. Matokeo yake, mtu makini alibeba seti mbili za mavazi begini na kuzihangaikia zote mbili. Mwaka 2014 sifa hiyo ikafutwa. Mwaka 2016 wakajaribu kinyume chake: ndani ya viwanja vya vita, mavazi yako yasihesabiwe karibu kabisa, kila mtu apewe vipimo vilivyopangwa. Haki ilikuwepo, lakini watu walilalamika kwamba jasho lao halionekani popote, na mfumo huo ukaondolewa 2018.

Kwa maoni yangu, namba mbili ni lazima, ila hazigusi kiini. Watu hawagombani sana kuhusu pigo. Wanagombana kuhusu wapi mtu anapata nguvu, na kama analazimishwa kwenda asikokupenda.

Kulazimishwa kwa namna gani?

Mfano mchungu ni Dark Age of Camelot, iliyotoka 2001. Falme tatu, Albion, Midgard na Hibernia, ziligombea ngome katika ardhi ya mpakani, na watu wengi waliifuata kwa ajili ya vita hivyo. Mwaka 2003 ikaja nyongeza ya Trials of Atlantis. Ilileta vitu vya kale vyenye nguvu kubwa na ngazi za umahiri, na kuvipata kulihitaji saa nyingi za kupigana na madude, mara nyingi katika makundi makubwa. Aliyekataa kwenda alirudi mpakani na kukuta maadui waliomzidi kila kitu. Mpiganaji aligeuzwa mchimba mapango kwa nguvu. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba 2005 kampuni ilifungua seva zisizo na nyongeza hiyo.

Kuna gemu iliyoviunganisha hivyo viwili vizuri?

Ipo, na ni hiyohiyo. Ilikuwa na pango liitwalo Darkness Falls, nami sijaona wazo bora zaidi katika aina hii ya gemu. Kila ufalme ulikuwa na mlango wake, lakini milango ilifunguka kwa ufalme uliokuwa ukishikilia ngome nyingi kuliko wengine. Ndani kulikuwa na mashetani wa kila kiwango, na walidondosha mihuri iliyokubaliwa na wafanyabiashara wa humo kubadilishwa kwa silaha na mavazi mazuri. Kwa hiyo hata mtu asiyejali vita alikuwa na sababu ya kuombea jeshi lake litwae ngome.

Utamu wenyewe ulikuja pale ngome zilipobadilisha mikono. Mlango ulifungwa kwa waliopoteza, lakini waliokuwa tayari ndani hawakutolewa. Wenye zamu mpya wakaingia, na kikundi kilichokuwa katikati ya kupigana na dude kikageuka kuwa windo. Wengine walikimbia, wengine walijificha kwenye kona za mbali, wengine wakapanga mstari na kusubiri.

Hapo hakuna aliyelazimishwa kuacha apendacho. Mpenda pango alilinda pango lake kupitia vita, na mpenda vita alikuwa na kitu cha kupigania.

World of Warcraft, yenye watu wengi kuliko hizo, ilikosea wapi?

Mlangoni. Gemu ilitoka Novemba 2004, na Aprili 2005 ikaanza kutoa pointi za heshima kwa kuua wachezaji wa upande wa pili. Mapigano yakachacha kati ya Southshore na Tarren Mill, vijiji viwili jirani vya pande hasimu, na hayo yalipendwa. Lakini milango ya mapango kadhaa, pamoja na Molten Core iliyohitaji watu 40, ilikuwa ndani ya mlima mmoja, Blackrock Mountain. Kuvizia hapo kulikuwa kama kutega wavu mdomoni mwa mto: kila samaki atapita.

Juni 2005 vikaletwa viwanja maalumu vya vita, na wapiganaji wakahamia huko. Desemba 2009 ukaja mfumo wa kutafuta kikundi, unaokurusha hadi ndani ya pango ukiwa umeketi mjini. Uviziaji mlangoni ukapungua, na nje pia pakapoa. Ilipofufuliwa gemu ya zamani Agosti 2019, historia ilijirudia ndani ya miezi michache: heshima Novemba, milima ikafurika wauaji, viwanja vya vita Desemba, nyika ikatulia. Katika seva ambazo upande mmoja ulikuwa na watu wengi zaidi, wachache walihama au waliacha kabisa.

Toleo la kisasa lilichagua hiari: tangu 2018 mchezaji huwasha mwenyewe hali ya vita, na hupewa nyongeza ya uzoefu kwa kukubali hatari hiyo.

Na gemu ambazo ukifa unanyang'anywa kila kitu?

Hizo hugawa ramani kwa kiwango cha hatari. Ultima Online ya 1997 ilisumbuliwa na wauaji hadi 2000 ilipounda nakala ya pili ya dunia yake, Trammel, ambako kuuana bila ridhaa kulizuiwa. EVE Online hupima usalama wa anga kuanzia 1.0 kushuka hadi -1.0. Penye usalama, askari wa CONCORD hawakuokoi. Wanamlipua aliyekushambulia baadaye. Kwa hiyo maharamia hupiga hesabu: shehena yako ikizidi bei ya meli watakazopoteza, umekwisha. Albion Online ina rangi: bluu, njano, nyekundu na nyeusi, na mapango yenye nyara nono zaidi yako kwenye hatari zaidi.

Mimi nacheza kwa simu nikiwa Dar es Salaam. Nianzie wapi?

Albion inachezeka kwa simu tangu 2021. Ila seva ikiwa Ulaya, amri yako inasafiri mbali, na kwenye mtandao wa simu huchelewa zaidi. Pangoni utavumilia, kwa sababu bosi huonyesha mapema atakapopiga. Mtu haonyeshi. Anza bluu na njano na kikundi chako, na usiingie nyekundu ukiwa umevaa kitu ambacho huwezi kukinunua tena kesho.

Kama kuviziwa hukutaki hata kidogo na unaweza kupata kompyuta, ipo Final Fantasy XIV. Haina vita vya wachezaji nyikani. Wanaotaka kupigana huingia viwanja vyake maalumu wakiwa na stadi za huko tu, na mavazi hayahesabiwi. Ina wachezaji wengi na wala haioni haya. Asiyependa kuviziwa asikubali kuambiwa kwamba hajui gemu.