Mtoto Mwerevu Aliyelemewa na Kalamu

Baada ya darsa ya Alkhamisi alitujia baba mmoja wa mji wetu, akatutaka shauri juu ya mwanawe aliye Gredi ya 9. Mwalimu ameandika katika ripoti ya kijana huyo kwamba ni mvivu na mzembe, na baba mtu amekwisha kuazimia kumtoa skuli amweke dukani.

Nasi kijana huyo twamjua, kwani huhudhuria darsa zetu. Usiku mmoja tulipokuwa tukisomeshana mirathi lilitolewa suala la mtu aliyekufa akaacha mke, mama, wana wawili wanaume na binti mmoja. Watu wazima wakaanza kutafuta karatasi. Yeye akasema, bila ya kuandika chochote, kwamba mali igawanywe mafungu 120: mke apate 15, mama 20, kila mwana mwanamume 34, na binti 17. Tukahesabu, tukaona ni sawasawa. Basi huo uvivu uko wapi?

Tulimwomba baba atuletee daftari za insha. Tuliyoyaona yalitusikitisha: mistari mitano mahali pa kurasa mbili, herufi zapanda na kushuka, neno moja limeandikwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Na hayo si katika Kiingereza tu, ambacho maandishi yake humchosha hata aliyesoma sana. Ni katika Kiswahili pia, kinachoandikwa kama kinavyotamkwa. Kisha tukamwambia kijana atusimulie kwa mdomo insha ile ile, juu ya bandari ya Kilindini. Alisema robo ya saa kwa mpango mzuri, na mwanzo wake ukafungamana na mwisho wake.

Jambo hili lina jina kwa mabingwa wa elimu. Wao huliita disgrafia. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2013, kimeuhesabu ugumu wa kujieleza kwa maandishi miongoni mwa matatizo maalumu ya kujifunza, na huweza kumpata mtoto mwenye akili nyingi. Mwandishi hushika mambo mengi kwa mara moja: sura ya herufi, tahajia, nukta, mpango wa sentensi, na fikra yenyewe. Kwa wengi wetu mkono umekwisha kuzoea, hatuufikirii tena. Lakini mtoto ambaye kila herufi yamtaka juhudi hana nafasi iliyobaki kwa fikra. Humwagika kabla hazijafika karatasini. Naye huyo mwerevu ndiye anayechelewa kutambuliwa, kwa sababu watu humsikia asemavyo wakadhani hataki tu kuandika.

Wako watakaosema kwamba kumsaidia ni kumdekeza. Twawauliza: Nabii Musa (a.s.) hakumwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi wa ulimi? Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na waandishi wa Wahyi, na Zayd bin Thabit alikuwa mmoja wao. Taha Hussein wa Misri, aliyekuwa kipofu, vitabu vyake alivitoa kwa imla. Na hapa petu Mombasa, mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yalihifadhiwa vifuani mwa watu, na baadaye ndipo Mwalimu Sikujua alipoyakusanya. Elimu ni jambo moja na hati ni jambo jingine.

Hatusemi mtoto aachiwe asiandike kabisa. Hilo litamdhuru, kwani mtihani ungali wa kalamu. Twasema mambo mawili yatenganishwe. Kwanza aseme. Simu ambayo leo imo mfukoni mwa kila mtu yatosha kuinasa sauti yake. Kisha aisikilize na kuiandika sentensi moja moja, au nduguye amwandikie naye anakili. Kabla ya insha aandike maneno matano tu ya kumkumbusha mpango wake. Mazoezi ya mkono yawe dakika kumi kila siku, si saa mbili za machozi usiku wa Jumapili. Mwalimu naye asahihishe maana siku moja na tahajia siku nyingine. Ama kumwandikisha mstari mmoja mara mia kuwa ni adhabu, huko ni kumchukiza kalamu; na kiboko sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekikataza.

Hapana budi pia apimwe. Viko vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1984, na baba aliyetujia hakuwa amesikia khabari zake. Cheti cha kupimwa ndicho kitakachoiwezesha skuli kumwombea muda wa ziada katika mtihani, na maombi hayo hupelekwa mapema, si wiki ya mtihani wenyewe.

Baba amekubali kuliahirisha jambo la duka. Insha ya mwisho ya kijana ilikuwa na mistari kumi na tisa. Alama alizopewa bado ni haba, na twamwambia baba wazi kwamba huenda zikabaki haba kwa muda. Jumatatu watakwenda kituoni pamoja, na mmoja wetu atawafuata, kwani fomu za huko nazo ni za kuandikwa kwa mkono.