Kabla ya kumpa mtaji mchora katuni

BAGAMOYO: Mnunuzi wa samaki katika mnada wa ufukweni Bagamoyo hahitaji darasa ili ajue anachonunua. Tenga liko mbele yake, macho ya samaki anayaona, na dalali akishataja bei ya mwisho fedha hulipwa na mzigo huondoka. Mfanyabiashara huyo huyo akifuatwa na kijana mchoraji anayetafuta mtaji wa kutengeneza katuni ya mfululizo ya kusomwa kwenye simu, mizani humpotea. Huonyeshwa michoro mitatu minne mizuri, hucheka, na pengine hutoa fedha kwa sababu amecheka. Miezi mitatu baadaye katuni imekatikia sehemu ya tano na hakuna wa kuulizwa.

Somo la wiki hii linaeleza jinsi katuni ya namna hiyo inavyotengenezwa, ili anayeombwa fedha ajue aangalie wapi.

Biashara yenyewe si ngeni katika nchi hizi. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuonekana katika gazeti la Uhuru mwishoni mwa miaka ya 1960. Nchini Kenya, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na mhusika huyo akadumu magazetini zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1980 jarida la Sani liliuzwa Tanzania kwa nguvu ya wahusika kama Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake wakubwa, alifariki mwaka 1986. Wahusika hawakufa naye. Mikono mingine iliendelea kuwachora na wasomaji waliendelea kununua.

Mwenye fedha anafaa asimame hapo kidogo. Msomaji wa Sani alitoa shilingi zake ili ajue Lodi Lofa amefanya nini safari hii. Karatasi na wino vilikuwa chombo cha kumfikishia. Bidhaa katika biashara hii ni mhusika anayerudi kwa siku yake, na kila hatua ya kazi ya mchoraji ipimwe kwa swali hilo: je, inamwezesha mhusika kurudi wiki ijayo?

Wachoraji wa enzi hizo walikuwa na ofisi nyuma yao. Alikuwepo mhariri wa kudai kazi, mtambo wa kuchapa, wauzaji wa mitaani na siku ya malipo. Mchoraji anayejitegemea leo, mwenye simu na meza yake nyumbani Magomeni au Dunda, hana hata kimoja katika hivyo. Uhuru anao, lakini hakuna wa kumgongea mlango kazi ikichelewa.

Kazi huanza na mhusika. Tuseme, kwa mfano tu, mchoraji amechagua dalali wa mnada wa samaki: kofia ya ukindu, tumbo mbele, simu mbili mkononi. Kumchora mara moja akapendeza ni rahisi. Ugumu ni kumchora mara 50, kwa mbele, ubavuni, kwa nyuma, akikimbia, akilala, akidanganya, na kila mara mtoto wa shule amtambue bila kusoma jina. Wachoraji makini huwa na karatasi moja ya kila mhusika yenye mikao hiyo yote, na huirejea kila wiki ili pua isirefuke na kofia isibadilike. Mchoraji asiye na karatasi hizo bado hajaanza, hata kama amekuja na picha zilizotiwa rangi.

Kwa upande huu Bagamoyo ina faida ambayo miji mingi haina. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), hufundisha uchoraji na uchongaji jirani na ngoma na maigizo. Katuni ni igizo lililonyamazishwa. Anayejifunza kuchora hasira hujifunza zaidi kwa kumtazama mwigizaji anavyopandisha mabega kuliko kwa kunakili katuni za Marekani. Na visa viko nje ya mlango: majahazi, wakaanga samaki, mama ntilie, waongoza watalii, wenye viwanja waliosubiri bandari kubwa iliyotiwa saini mwaka 2013.

Baada ya mhusika hufuata muswada. Huandikwa kwa maneno, kisanduku kwa kisanduku, kabla ya penseli kugusa karatasi: nani anaonekana, anasema nini, nini hakisemwi. Hapa ndipo wengi huruka. Mchoraji hupenda kuchora, akaona kuandika ni kupoteza muda, na akifika kisanduku cha 14 hajui hadithi inakwenda wapi. Sehemu nzuri huishia kwenye swali. Dalali ameinua tenga kwa mbwembwe, mnunuzi ameshalipa, tenga limefunuliwa... na msomaji hubaki na wiki nzima ya kusubiri kilichomo ndani. Kifuniko hicho kikifunuliwa katikati ya sehemu, hakuna sababu ya kurudi.

Mchoro wa awali wa penseli hupanga sura na nafasi. Jambo la kuangalia ni viputo vya maneno, ambavyo vinatakiwa vipewe nafasi mapema. Kiswahili kina maneno marefu. "Hawatakubaliana" hujaza kiputo ambacho neno fupi lingekaa kwa raha. Anayechora kwanza na kutafuta nafasi ya maneno baadaye huishia kumfunika mhusika uso. Kisha huja wino, rangi na maandishi. Wengine hubaki kwenye karatasi hadi wino ndipo wapige picha au waskani. Wengine hufanya yote kwenye kishikwambi. Kwa mwenye mtaji tofauti hiyo si kubwa kama wachoraji wanavyoipigia debe. Kifaa cha bei mbaya hakijawahi kuandika muswada.

Umbo la simu, hata hivyo, linabadilisha kazi. Ukurasa wa jarida ulikuwa mpana na jicho lilikwenda kushoto na kulia. Kwenye simu kidole kinasukuma juu, hivyo visanduku hupangwa kimoja chini ya kingine, na nafasi tupu kati yao ndiyo saa ya hadithi: ikiwa ndefu, msomaji anasubiri, ikiwa fupi, anakimbizwa. Jaribio la kweli hufanywa kwenye simu ya bei nafuu, juani, stendi. Herufi zisiposomeka hapo, hazisomeki. Picha zikiwa nzito, msomaji anahesabu bando lake na kuondoka.

Sasa hesabu, nayo ni ya mfano. Sehemu moja ya visanduku 20 ikichukua nusu siku ya muswada, siku moja ya penseli, siku moja ya wino, siku moja ya rangi na nusu siku ya maandishi, jumla ni siku nne. Mchoraji akihitaji Sh. 15,000 kwa siku ili aishi, hiyo ni Sh. 60,000. Umeme na bando vikiwa Sh. 5,000, sehemu imefika Sh. 65,000. Sehemu 12 ni Sh. 780,000, na hadi hapo hakuna msomaji aliyelipa hata senti. Siku mbili zinazobaki katika wiki ya kazi mchoraji ataandika mabango ya maduka au atachora picha za watalii, na hiyo isihesabiwe kuwa uvivu. Ndiyo inayomweka mjini.

Kwa nini 12? Mchoraji anayeanza kutoa sehemu ya kwanza siku aliyoimaliza anatembea juu ya kamba. Malaria ya wiki moja, msiba kijijini au umeme kukatika, na mhusika hakurudi kwa siku yake. Msomaji husamehe mara moja, mara ya pili amepata kingine cha kutazama. Mwenye sehemu 12 kabatini akiwa na uwezo wa kumaliza sehemu tatu tu kila wiki nne, akiba yake hupungua kwa sehemu moja katika wiki hizo nne. Itamfikisha wiki 48, yaani karibu mwaka mzima bila kukosa hata wiki moja. Kipimo hiki mfanyabiashara yeyote wa duka anakielewa: ni ghala.

Mapato yenyewe huchelewa. Yako matangazo ya wadhamini ndani ya hadithi, vitabu vilivyochapwa baada ya mfululizo kukamilika, fulana, na kazi za kuchorea mashirika. Jina la mhusika likishika, hufika mbali. Ali Masoud alimchora panya hadi taifa likamwita yeye mwenyewe Masoud Kipanya, na Machi 2022 alionyesha Dar es Salaam gari la umeme lililopewa jina la Kaypee. Huko ng'ambo kampuni ya Webtoon, yenye asili ya Korea Kusini ambako Naver ilianza kutoa katuni za kusomwa mtandaoni mwaka 2004, iliuza hisa zake New York Juni 2024 kwa dola 21 kila moja. Kabla ya miezi miwili kupita hisa hizo zilikuwa chini sana ya bei hiyo. Hata wenye soko la mamilioni ya wasomaji hawakuepuka mtihani wa mapato.

Linabaki suala la umiliki, ambalo ndilo linaloleta ugomvi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kuchorwa au kuandikwa. Wazo lililosemwa kwenye kahawa haliwekewi ulinzi. Anayetoa mtaji na anayechora waandikiane mapema mhusika ni wa nani, fulana zikiuzwa nani apate ngapi, na mchoraji akiondoka au akifariki nani ana ruhusa ya kuendelea. Mwenye fedha asilazimishe kumiliki kila kitu. Mchoraji aliyenyang'anywa mhusika wake hubuni mwingine usiku huo huo, na yule wa zamani atachorwa bila moyo. Masharti ya TCRA kuhusu maudhui ya mtandaoni, yaliyotungwa mwaka 2018, yamebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo; yaulizwe upya kabla ya kuanza.

Fedha nazo zisitolewe kwa mkupuo. Katika mfano wa Sh. 780,000, theluthi ya kwanza, Sh. 260,000, itoke baada ya kuonekana karatasi za wahusika na miswada ya sehemu zote 12. Ya pili itoke sehemu sita zikikamilika, na ya mwisho zikifika 12. Siku ya kumtoa dalali hadharani ipangwe baada ya hapo.