Mwache Atengeneze Kasa Wake Mwenyewe

*Shangazi, mwanangu yuko darasa la kwanza. Mwalimu aliwataka watengeneze mnyama kwa vitu vya nyumbani. Alihangaika na boksi la sabuni mpaka usingizi ukamchukua, nami usiku nikatengeneza twiga wa kueleweka. Twiga akasifiwa, akawekwa juu ya kabati la darasa. Tangu hapo mtoto hagusi mkasi wala gundi. Nikimwambia tuchore, hujibu, "Chora wewe mama, wangu mbaya." Jumatatu wanatakiwa kupeleka mnyama mwingine. Baba yake anasema tununue sokoni yaishe. Nifanyeje? – Mama Twiga, Tanga*

Mama Twiga, usinunue, na usitengeneze.

Mwanao si mvivu. Alijaribu, akalala, akaamka akakuta kazi yake haipo na ya mama ndiyo inayopigiwa makofi. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Najua ulifanya kwa mapenzi, ila sasa mwombe radhi waziwazi: "Twiga alikuwa wangu. Safari hii nataka kumwona wa kwako." Mwambie hivyo leo, kabla ya kutoa mkasi.

Kisha achaneni na twiga. Shingo ndefu juu ya miguu minne myembamba huwashinda hata watu wazima. Nyinyi mko Tanga, basi atengeneze kasa. Ukishakuna nazi, usitupe kifuu. Baba yake mpe msasa alainishe kingo zisimkate mtoto. Baba naye awe na sehemu yake. Mtoto alaze kifuu juu ya kipande cha boksi, azungushe penseli, kisha achore kichwa, mkia na mapezi manne, ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Akate mwenyewe kwa mkasi wa ncha butu. Gundi upike wewe: unga wa ngano na maji kwenye moto mdogo mpaka viwe vizito kama uji, chumvi kidogo isiote ukungu haraka, kisha ipoe kabisa. Achane gazeti vipande vyembamba, avichovye, avipitishe kutoka kwenye kifuu hadi kwenye boksi, tabaka juu ya tabaka. Kasa aanikwe juani mpaka akauke kabisa. Rangi mnazo jikoni: mkaa uliosagwa na manjano, kila moja ikorogwe na gundi iliyoongezwa maji.

Akifika kwenye gamba, mwambie kasa wa kijani ana mapande makubwa 13 mgongoni: 5 katikati na 4 kila upande. Ayachore huku akihesabu. Yakitoka 11, mwache. Ukimsahihisha hapo utamrudisha kulekule.

Wakati kasa anakauka, mpe habari za kisiwa cha Maziwe, huko karibu na Pangani. Kasa hupanda kutaga pale, lakini maji yakijaa sana hukifunika kisiwa, kwa hiyo watu huhamisha mayai hadi ufukwe wa Ushongo ili yaanguliwe salama. Mwambie pia kwamba kasa, tofauti na kobe, hawezi kuingiza kichwa ndani ya gamba. Mtoto anayejua mambo haya atakuwa na la kusema mbele ya darasa, hata kama pezi moja limepinda.

Na akimaliza, usikimbilie kusema "mzuri sana", hatakuamini. Muulize kasa wake anakwenda wapi, au kwa nini jicho moja ni kubwa. Atakueleza. Usiku usimguse kasa huyo, hata kunyoosha mkia. Hapo ndipo nakuogopea, maana mikono itakuwasha.

Nina ombi pia kwa walimu wanaosoma safu hii. Kazi ya mikono ya mzazi mnaitambua mara tu mnapoiona. Tafadhali, msiipandishe juu ya kabati. Wapeni watoto nusu saa, maboksi na gundi ya unga, watengeneze hapohapo darasani, na mwekeni kila mnyama mahali anapoonekana.