Mbiu Ndani ya Jani: Jinsi Muhogo Unavyojikinga na Virusi

Mkulima wa Ganze au Magarini anaweza kuutunza muhogo wake karibu mwaka mzima, mashina yakiwa yamesimama vizuri, kisha siku ya kung'oa akakata kiazi na kukuta madoa makavu ya kahawia ndani. Muhogo huo hauuziki. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mwenzake, batobato, hujionyesha mapema: majani hujikunja na kupata mabaka ya manjano, na mmea hudumaa. Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, hubebwa na inzi weupe, na husambazwa na watu wenyewe wanapogawiana vipando. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoua virusi ndani ya mmea, hivyo kinga kubwa ni ile ya muhogo wenyewe.

Mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini. Kila seli hujilinda, na ili ijilinde ni lazima ipate habari. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na protini ziitwazo kinasi. Kinasi huchukua chembe ya fosfeti kutoka ATP, ambayo ndiyo akiba ya nguvu ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Mzigo huo mdogo hubadilisha umbo la protini iliyobandikwa, nayo huamka na kuanza kazi. Mara nyingi iliyoamshwa ni kinasi pia, nayo huamsha ya tatu. Ni kama mbiu ya mgambo: anayeisikia huipiga tena, hadi ifike kwenye kiini cha seli, zilipo jeni.

Baada ya hapo jeni za ulinzi hufunguliwa. Ukuta wa seli huimarishwa, kemikali kali hutolewa, na wakati mwingine seli iliyovamiwa hujiua ili adui asipite. Kisha protini nyingine huondoa zile fosfeti na mbiu hunyamaza. Kunyamaza huko ni muhimu, kwa sababu mmea unaojihami kila siku hula chakula ambacho kingejaza viazi.

Ushahidi mmoja mkubwa ulitoka kwenye nyanya. Mwaka 1993 wanasayansi nchini Marekani walitambua jeni iitwayo Pto, iliyotoka kwa nyanya ya mwituni, inayokinga mmea dhidi ya bakteria wa madoa ya majani. Jeni hiyo hutengeneza kinasi. Kwa upande wa virusi, watafiti wa Brazil wameichunguza kinasi iitwayo NIK1, ambayo ikiamka hupunguza utengenezaji wa protini katika seli, na virusi hukosa wa kuvihudumia. Virusi navyo si wajinga: vina protini inayoishika NIK1 na kuizima. Virusi hivyo vya nyanya ni wa jamii moja na vya batobato. Hata hivyo, haifai kusema kwamba kila muhogo unaostahimili hufanya hivyo kwa kinasi. Ziko njia nyingine za kinga.

Pwani ina historia yake katika jambo hili. Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika. Huko muhogo ulizalishwa pamoja na jamaa yake, mpira wa Ceara, mti unaovistahimili virusi vizuri zaidi. Mmoja wa uzao huo ulipewa namba 46106/27. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba ndio ule ambao wakulima wa pwani ya Kenya huuita Kaleso, na wa Tanzania huuita Namikonga. Hauwi salama kabisa, lakini virusi huongezeka ndani yake kwa shida. Kibandameno, unaopendwa kwa utamu wake, huumia upesi.

Kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa kimetoa aina nyingine, zikiwemo Tajirika, Shibe, Karembo na Nzalauka. Lakini hata aina bora hulemewa ikipandwa kutoka shina lililokwisha kuugua, maana adui yuko ndani kabla chipukizi halijatoka.

Kwa hiyo, kabla ya mvua za masika, vipando vichukuliwe kwenye mashina yaliyochaguliwa shamba likiwa bado na majani, na viazi vya shina hilo hilo vikatwe vitazamwe ndani. Chenye doa la kahawia, shina lake lisipandwe wala asipewe jirani. Mche unaoonyesha batobato katika miezi ya kwanza ung'olewe na kuchomwa au kufukiwa. Afisa wa kilimo wa wadi ataeleza ni aina gani inayofaa udongo wa eneo husika na mahali pa kupata vipando safi.