EPA: Tulikataa kusaini, je, tumejiandaa?

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni, mwenye duka Kariakoo, aliniuliza: "Ustadhi, kama Wazungu walitaka kutufungulia soko, sisi tulikataa nini?"

Swali hilo ni la msingi. Novemba 2016 Bunge liliazimia kuwa serikali isisaini Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Wengi tulishangilia, lakini wachache tulijua kilichokataliwa.

Ndugu msomaji, chini ya Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, bidhaa zetu ziliingia Ulaya kwa nafuu ya ushuru bila sisi kudaiwa nafuu kama hiyo. Utaratibu huo ulifikia ukomo mwisho wa 2007, kwa kuwa haukuafiki kanuni za Shirika la Biashara Duniani. EPA ikaja na sharti la kupeana: Jumuiya yetu nayo iondoe ushuru, hatua kwa hatua kwa miaka 25, kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa zitokazo Ulaya. Kwa kusema haki, mazao mengi ya kilimo yaliachwa nje. Lakini viwanda vyetu vichanga vingeshindana vipi na vile vikongwe?

Tena kwa kusaini tusingepata jipya kubwa. Tanzania imo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na kwa mpango ulioanza 2001, bidhaa za nchi hizo, isipokuwa silaha, huingia Ulaya bila ushuru. Kenya haimo katika orodha hiyo. Kati ya Oktoba na Desemba 2014 maua yake yalitozwa ushuru. Ndiyo maana iliharakisha kusaini Septemba 2016, na baadaye ikafunga mkataba wake peke yake, ulioanza kutumika Julai 2024.

Katika somo la biashara tunafundisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuutokea msafara njiani na kununua mali yake kabla haujafika sokoni. Hekima yake ni kwamba ridhaa ya asiyejua bei ina kasoro. Kukataa kwetu kulikuwa sawa na msafara kusema: ngojeni kwanza tufike sokoni.

Je, tumefika? Hapo ndipo penye tatizo. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia sangara wa Ziwa Victoria kwa hofu ya mabaki ya sumu. Ushuru haukuhusika hata kidogo. Viwanda vya minofu vya Mwanza viliathirika kwa sababu ya ubora na ukaguzi. Mteja wa Feri humgeuza samaki na kumtazama mashavu kabla ya kutoa fedha. Ulaya nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa maabara na vyeti.

Zaidi ya hayo, nafuu tuliyonayo ni hisani, si haki ya mkataba. Siku nchi itakapotoka katika orodha ile, baada ya muda wa mpito nafuu hiyo nayo itaondoka.

Hivyo basi, jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili: tulikataa kuuza kabla ya kujua bei, na tulifanya vyema. Lakini anayesema "ngojeni" kisha akalala njiani, mali yake itaozea mgongoni mwa ngamia. Tuwe na maabara, viwango na wataalamu wa kusoma mikataba kabla meza haijapangwa tena.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.