Kupigana na Saratani ya Ini kwa Mikono Miwili

Katika somo la Elimu ya Viumbe tumejifunza habari za ini, nami napenda kuwaelezeni jinsi madaktari wanavyopigana na saratani yake.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Kiasi cha robo tatu huja kwa mshipa mkubwa utokao matumboni, na iliyosalia huja kwa ateri. Lakini uvimbe wa saratani hupata karibu damu yake yote katika ateri. Basi hapo ndipo adui huvamiwa. Daktari hupenyeza mrija mwembamba katika mshipa wa paja au wa mkono, akiongozwa na picha za eksirei, mpaka ufike kwenye ateri ilishayo uvimbe. Hutia dawa kali mahali pale pale, kisha huiziba njia. Uvimbe hukosa chakula na hewa, bali ini huendelea kuishi kwa ule mshipa mwingine.

Je, kazi imekwisha? La. Uvimbe uliobaki, ukikosa hewa, hutoa kemikali ya kuotesha mishipa mipya ya damu. Tena saratani yaweza kuwa imekwisha kutawanyika mahali ambapo mrija haufiki. Kwa hiyo huongezwa tiba ya mwili mzima: vidonge au sindano za kuzuia mishipa hiyo isiote, au za kuamsha askari wa mwili wamtambue adui.

Katika utafiti wa China uliotangazwa mwaka 2022, wagonjwa 338 wenye saratani iliyoenea waligawanywa mafungu mawili. Nusu ya waliopewa vidonge vya lenvatinibu pamoja na tiba ya mrija waliishi zaidi ya miezi 17. Kwa waliopewa vidonge peke yake, ilikuwa miezi 11 na nusu. Lakini tiba mbili zina madhara mengi zaidi, na ini lililochoka sana haliwezi kuzistahimili.

Wanafunzi wenzangu, miezi sita si haba kwa mzazi mwenye watoto, lakini kinga ni bora kuliko tiba. Likizo hii tuwakumbushe wazee wetu: watoto wachanga wachanjwe homa ya ini aina ya B, wakubwa wapimwe damu, mahindi na karanga vikaushwe vema visiote kuvu yenye sumu, na pombe iachwe. Hayo hayahitaji daktari bingwa. Yahitaji sisi tuliosoma tuseme.

Mwanafunzi, Kidato cha IV